Sari Isiyofumuka: Mwongozo Kamili wa Kuivaa, Kutembea Nayo na Kuzifurahia za Wenzako

Kila Diwali ikikaribia, na tena msimu wa harusi unapochanganya, maswali yanayonifikia ni yale yale. "Dada, nilifuata video mwanzo mwisho, nimefika ukumbini marinda yako chini." "Palu haikai begani hata nusu saa." "Nimekanyaga pindo kwenye ngazi mbele ya watu wote." Nimewavalisha sari majirani, wafanyakazi wenzangu na mabibi harusi wawili, na karibu kila mara nikiambiwa marinda yamegoma, nikifunua naona shimizi, ile sketi ya ndani, imefungwa legelege. Marinda hayana kosa. Hayana pa kushikilia.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza ndani na kutoka nje. Usiruke hatua kwa sababu inaonekana ndogo.

Kwanza tuelewane majina. Ukiijua kanga, sari hutaiogopa. Ina pindo, ule ukanda uliopambwa unaopita kingo mbili ndefu, na ina mji katikati. Ncha moja ya sari haina mapambo, ndiyo inayoanzia kiunoni. Ncha ya pili imepambwa kuliko sehemu zote, inaitwa palu, ndiyo inayopanda begani. Mtindo ninaoueleza hapa ni Nivi, ule wa palu juu ya bega la kushoto unaouona zaidi kwenye sherehe. Mtindo wa Kigujarati nitaugusa mbele, maana huku kwetu unauona sana kwa kina mama wakubwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Sari yenyewe. Ya kawaida ina urefu wa kama mita 5.5 na upana wa mita 1.1 hivi. Sari nyingi za dukani huja na kipande cha ziada cha kama sentimita 80 cha kushonea blauzi, kikiwa bado kimeungana na sari. Muulize muuzaji kiko upande gani. Usikikate kabla hujasoma hesabu iliyo kwenye hatua ya nne.

Shimizi ya pamba, ya kamba. Rangi ikaribiane na ya sari, urefu ufike kwenye vifundo vya miguu. Ya lastiki iache nyumbani. Ya satini pia iache, kwa sababu kitambaa kinachoteleza juu ya kitambaa kinachoteleza hakishikani.

Blauzi iliyokukaa sawasawa. Mpelekee fundi wiki mbili mapema, kisha uijaribu ukiwa umeinua mikono juu. Kama unajisitiri, mwambie fundi ashone mikono mirefu na kiuno kirefu kinachoingia ndani ya shimizi. Sari haidai tumbo lionekane, na palu inaweza kupanda kichwani vizuri kabisa.

Viatu utakavyovaa siku hiyo, hivyo hivyo, si vingine vya urefu unaofanana.

Pini za vikwasi, kumi ndogo na mbili kubwa. Utatumia tano au sita, zilizobaki ziingie kwenye pochi.

Shanga chache au vifungo vidogo vya kukinga kitambaa. Nitaeleza kazi yake.

Kioo kirefu, pasi, na dakika 40 kwa mara ya kwanza. Ukishazoea, dakika kumi zinatosha.

Kama unanunua sari yako ya kwanza, chukua ya pamba laini au jojeti. Pamba inashika mkunjo na inatii mkono. Jojeti ni nyepesi na inaanguka vizuri. Hariri nzito ni nzuri mno, ila marinda yake yanataka mkono uliozoea. Shifoni na neti zinateleza, na ndizo wanaoanza wanazozikimbilia kwa sababu zinang'aa dirishani. Kumbuka pia Diwali huangukia Oktoba au Novemba, na joto la Dar au Mombasa miezi hiyo unalijua. Mita tano na nusu za poliesta mwilini ni nyingi.

Muulize fundi pia kama pindo la chini limeshonewa utepe wa pamba kwa ndani. Utepe huo unalipa pindo uzito, linaanguka wima, na unalinda kitambaa kisilike kwenye sakafu. Sari mpya mara nyingi haina, na kuushona ni kazi ya saa moja.

## Rangi: uliza kabla ya kununua

Mgeni akija na sari kwenye sherehe ya Wahindu, wenyeji wengi hufurahi waziwazi. Ila kuna mambo matatu. Nyeupe tupu, kwa familia nyingi za Kihindu, ni rangi ya msiba. Nyeusi tupu wazee wengi hawaipendi harusini. Na sari nyeupe yenye pindo jekundu, panetar, kwa Wagujarati ni ya bibi harusi. Baada ya hapo uwanja ni wako: njano kali kama ya manjano ya kupikia, kijani cha kasuku, zambarau, waridi kali. Kwenye sherehe hizi rangi inayopiga kelele inakaribishwa.

Na kama ni Navaratri, sikukuu ya Kihindu ya usiku tisa, uliza usiku huo una rangi gani. Familia nyingi hupangia kila usiku rangi yake, na kuingia ukiwa umevaa rangi ya siku ni kama kuitikia wimbo pamoja na wenzako.

## Hatua ya 1: Siku moja kabla

Piga pasi sari nzima. Hariri na sari yenye nyuzi za dhahabu, zari, ipigwe kwa moto mdogo, juu yake pawe na kitambaa cha pamba.

Kisha tafuta palu na uikunje marinda kwa upana wake ukiwa umekaa, kitambaa mezani. Anzia kwenye pindo litakaloonekana mbele, kila kunjo kama sentimita 11. Kwa upana wa mita 1.1 utapata makunjo kumi, yaani marinda matano. Pindo likae juu kabisa. Bana kwa vibanio vya nguo, pitisha pasi polepole, na uache hivyo hadi kesho.

*Kwa nini mapema?* Kwa sababu kukunja palu ukiwa umesimama, mkono mmoja, nguo inakuvuta kiunoni, ndiko kunakowachosha watu kabla hawajafika kwenye marinda ya mbele.

*Imefanikiwa ikiwa* ukiinyanyua kwa juu inaning'inia kama upepeo uliofungwa, kingo zote sambamba.

## Hatua ya 2: Viatu, blauzi, shimizi

Vaa viatu kwanza. Urefu wa sari unapimwa kutoka sakafuni, na kisigino cha sentimita saba kikija baadaye kitaiacha sari ikielea juu ya vifundo vyako.

Tahadhari moja hapo. Kama unakwenda hekaluni, au nyumbani kwa mtu, viatu vitavuliwa mlangoni. Ukiwa umepimia kisigino kirefu, ukivua tu pindo lote linalala chini na hatua ya kwanza unalikanyaga. Kwa siku hiyo vaa ndara za chini. Nimewaona wageni wengi wakihangaika kwenye ngazi za mahekalu ya Kisutu, Dar, kwa sababu hii tu.

Marashi na mafuta yapake sasa, uyaache yakauke. Marashi yakigusa zari yanaifanya iwe nyeusi, na weusi huo hautoki.

Sasa shimizi. Ifunge usawa wa kitovu au chini yake kidogo, na uikaze kuliko unavyodhani inafaa. Kipimo changu ni hiki: ingiza vidole viwili kati ya kamba na ngozi. Vikiingia kwa shida, ndipo hapo. Vikiingia vitatu, kaza tena. Fundo likae ubavuni, lisikae mbele ambako marinda yatakuja kulala.

*Kwa nini?* Sari yote, pamoja na uzito wa marinda saba au nane, inaning'inia kwenye kamba hiyo moja. Hakuna kitu kingine kinachoibeba.

*Imefanikiwa ikiwa* unaweza kuivuta shimizi chini kwa mikono miwili isishuke.

Niseme jinsi nilivyolijua hili. Sari yangu ya kwanza niliivaa kwenye harusi ya binti wa jirani, nikiwa na shimizi ya lastiki niliyoazima. Nikipanda ngazi za ukumbi nilisikia kiuno kinakuwa chepesi. Sikuelewa ni nini mpaka mama mmoja mtu mzima, ambaye mtaani kwetu sote tunamwita Masi, aliponishika kiwiko na kunivuta nyuma ya nguzo. Alikuwa na pini mbili amezibana kwenye midomo. Hakuniuliza kitu. Alichomoa marinda yote kwa mkono mmoja, akakunja lastiki mara mbili na kuibana kwa pini, kisha akayahesabu marinda upya kwa vidole, haraka kama mtu anayehesabu noti. Alipomaliza alilivuta pindo chini mara moja, akasema, "Sasa nenda ukacheze." Nilicheza mpaka saa saba usiku, halikutoka rinda.

## Hatua ya 3: Mzunguko wa kwanza

Shika ncha isiyo na mapambo. Chomeka ukingo wake wa juu ndani ya shimizi, kulia kwa kitovu. Kutoka hapo pitisha kitambaa mbele kuelekea kushoto, zungusha mgongoni, urudi mbele ulikoanzia, huku ukichomeka ukingo wa juu kila baada ya kiganja kimoja. Ni mzunguko mmoja kamili.

Jambo la kuliangalia ni chini, siyo juu. Pindo liguse sakafu sawasawa pande zote, nyuma hata mbele. Nyuma ndiko watu wengi wanakosahau, sari inapanda na visigino vinabaki wazi. Geuka, jitazame kwenye kioo, rekebisha. Ukishavuka hapa hutaweza kurudi bila kufumua yote.

*Imefanikiwa ikiwa* umesimama na pindo linagusa sakafu kwa wepesi bila kujikunja, na mzunguko umebana kiasi kwamba hakuna mfuko wa hewa mapajani.

## Hatua ya 4: Palu kabla ya marinda

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi. Wengi wanakwambia ukunje marinda ya mbele kwanza, halafu kinachobaki kiwe palu. Matokeo yake palu inakuwa fupi kama mtandio wa mtoto, au ndefu inafagia sakafu, na hapo huna la kufanya. Weka palu kwanza.

Chukua ile palu uliyoikunja jana. Ipitishe kushoto kwako, mgongoni, itokee chini ya kwapa la kulia, ipande kifuani kwa mshazari hadi bega la kushoto, na ishuke nyuma. Urefu mzuri wa kushuka ni hadi nyuma ya magoti. Bana begani kwa pini kubwa, ukianzia ndani ya blauzi ili kichwa cha pini kisionekane.

Kabla ya kubana, pitisha pini kwenye ushanga mmoja au tundu la kifungo kidogo. Ushanga unakaa kwenye koili ya pini na kukizuia kitambaa kisiingie humo. Shifoni na hariri nyingi zimechanika begani kwa kukosa ushanga wa bei ya pipi.

Sasa shika ukingo wa juu unaozunguka mgongoni, uvute mbele upande wa kushoto mpaka uukaze, na uuchomeke kidogo kwenye nyonga ya kushoto. Kitambaa kinachoning'inia mbele, kati ya chomeko hili na lile la mzunguko wa kwanza, ndicho cha marinda.

Na hii ndiyo hesabu niliyoahidi, kwa sababu swali la "mbona marinda yangu ni machache?" halijawahi kukosa. Chukua mtu mwenye nyonga za sentimita 105. Mzunguko wa kwanza unakula mita 1.05. Kupita mgongoni hadi kwapani, kama sentimita 60. Kupanda kifuani hadi begani, kama 75. Palu inayoshuka nyuma, mita 1. Jumla mita 3.4. Kwenye sari ya mita 5.5 inabaki mita 2.1. Kila rinda la upana wa sentimita 12 au 13 linakula kama 25, kwa hiyo yanapatikana marinda manane.

Mwenye nyonga za sentimita 130, ambaye mgongo na kifua navyo vinakula zaidi, atabakiwa na kama mita 1.6, ambayo ni marinda sita. Hajakosea kitu, na sari yake imekaa vizuri tu. Akitaka manane, asikikate kile kipande cha blauzi: kikiwa kwenye ncha ya kuanzia, akiache kijifiche ndani ya mzunguko wa kwanza, na blauzi aishone kwa kitambaa kingine.

## Hatua ya 5: Marinda ya mbele

Simama wima. Usiinamie kitambaa, kwa sababu ukiinama unalegeza kiuno na ukinyooka marinda yote yanapanda.

Anzia upande wa kulia, karibu na chomeko la kwanza. Tanua kidole gumba na cha shahada kiasi cha sentimita 12, viwe kipimo. Zungushia kitambaa kwenye vidole hivyo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila kunjo likilala juu ya jingine. Rinda la juu kabisa, lile watakaloliona watu, lifanye pana zaidi ya mengine kwa upana wa kidole ili liyafunike yote.

Shika fungu zima kwa juu, linyanyue kidogo na ulitikise mara moja. Yatajipanga. Kisha angalia chini: kingo zote ziwe sawa, juu ya sakafu kwa sentimita moja. Rinda moja likiwa refu kuliko mengine, livute kwa juu sasa hivi, maana hilo moja ndilo utakalolikanyaga.

Bana fungu kwa pini moja, kama vidole vinne chini ya ukingo wa juu. Pini iingilie nyuma ya fungu na iache rinda la mbele bila kutobolewa. Halafu chomeka yote ndani ya shimizi kwa pamoja, kushoto kwa kitovu kidogo, marinda yakifungukia kushoto.

Vuta pumzi, toa tumbo nje, liachie. Yakibaki mahali pake, bana pini ya pili inayoshika sari na shimizi pamoja.

*Makosa ninayoyaona sana:* kuchomeka rinda moja moja badala ya fungu zima. Kukunja marinda membamba ya sentimita saba ili yawe mengi, yakatuna kama mzigo tumboni. Na kutia pini ovyo. Pini tano zilizokaa mahali pake zinashinda kumi na tano zinazovutana. Kila pini ya ziada ni mahali pengine pa kuchanika.

*Imefanikiwa ikiwa* ukipiga hatua marinda yanafunguka kidogo chini na kujifunga tena yenyewe. Kuliona hilo kwenye kioo kwa mara ya kwanza ni furaha ambayo siwezi kukuandikia.

## Ukitaka mtindo wa Kigujarati

Hatua ya 1 hadi ya 3 ni zile zile. Tofauti kubwa ni palu. Badala ya kupita kifuani kwenda bega la kushoto, inatokea mgongoni, inapanda juu ya bega la kulia na kushuka mbele. Inatandazwa kifuani, na pembe yake inachomekwa kiunoni upande wa kushoto. Hapo mapambo yote ya palu yanakaa mbele, na ndiyo uzuri wake: palu iliyofumwa kwa miezi haibaki mgongoni kwa wanaokufuata tu. Kwa blauzi ya mikono mirefu na kwa mama anayenyonyesha, mtindo huu unasitiri zaidi.

## Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kutoka

Tembea kutoka chumbani hadi mlangoni na kurudi. Panda ngazi tatu ukinyanyua marinda kwa mkono wa kulia, vidole viwili tu, kidogo. Kaa kitini, simama. Inua mikono juu kama unayemtunza bibi harusi. Kaa chini kwenye mkeka kama utakavyokaa hekaluni.

Msalani usichomoe kitu. Shika sari na shimizi kwa pamoja kutoka chini, kunja kuelekea juu, palu itupie shingoni.

Mezani, palu ilete mbele na uiweke mapajani au uichomeke kiunoni. Mchuzi wa manjano kwenye hariri hautoki.

Haya mawili yanayofuata ni ya usalama, yasome taratibu.

Diwali ni sikukuu ya taa, na vile vitaa vidogo vya udongo, diya, vinapangwa sakafuni na kwenye vibaraza, usawa wa palu yako hasa. Jojeti, shifoni na neti nyingi za madukani ni poliesta: zikishika moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kabla ya kuinama kuwasha diya, izungushe palu kiunoni na uichomeke. Kila mara, hata kwa diya moja. Watoto waliovalishwa sari wasimamiwe.

Na barabarani: usipande bodaboda ukiwa na palu inayopepea. Kitambaa kikiingia kwenye gurudumu kinamvuta mtu shingo kabla dereva hajajua. Chukua teksi. Kama ni bajaji, ikusanye palu yote mapajani, uishike, na hakikisha hakuna ncha inayotoka nje.

## Hatua ya 7: Kuzitazama za wenzako

Umefika, sari imetulia, mikono yako iko huru. Usiishie kujitazama. Nusu ya raha ya sari iko kwenye sari za wengine, na sisi tuliozoea kusoma jina la kanga ya mtu kabla ya kumsalimia tuna jicho la kazi hii. Sari haina jina lililoandikwa, lakini ukijua pa kuangalia inakwambia ilikotoka.

Ukiona nukta ndogondogo, mamia kwa maelfu, zimepangwa maua na miduara, hiyo ni bandhani, ya majimbo ya Gujarat na Rajasthan huko India. Kila nukta ni mahali kitambaa kilipobanwa na kufungwa uzi kabla ya kutiwa rangi. Sogea karibu: kwenye iliyofungwa kwa mkono nukta hazilingani kabisa, na ikiwa haijapigwa pasi sana utaona kitambaa kimejikunyata kwa vichomozi vidogo pale uzi ulipokaa. Iliyopigwa chapa ni bapa. Familia nyingi za Kihindi za Dar, Zanzibar na Mombasa asili yao ni Gujarat, pamoja na eneo lake la Kutch, kwa hiyo bandhani utaikuta, na mara nyingi ni ya bibi wa mtu.

Sari nzito ya hariri, pindo la rangi moja na mji wa rangi nyingine kabisa, labda ni ya Kanchipuram, mji wa jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Tazama pindo linapokutana na mji: kwa zile za kufumwa kienyeji, sehemu hizo zinafumwa kwa nyuzi tofauti na kufungamanishwa kwenye kitanda cha mfumi. Ya Banaras, mji wa kaskazini mwa India, utaijua kwa maua mazito ya zari yaliyofumwa humo humo. Geuza ncha kwa ruhusa uone nyuzi za upande wa ndani.

Tausi kwenye palu, rangi kali na dhahabu, huenda ni Paithani ya Maharashtra. Nyeupe ya maziwa yenye pindo la dhahabu na hakuna kingine ni ya Kerala, na utaiona wakati wa Onam, sikukuu yao ya mavuno. Kwa Wabengali nako, wakati wa Durga Puja, sikukuu ya mungu wa kike Durga, kina mama walioolewa huvaa nyeupe yenye pindo jekundu. Ndiyo maana ule ushauri wa rangi hapo juu nilisema uulize: nyeupe tupu na nyeupe yenye pindo ni mazungumzo mawili tofauti.

Na ukibahatika kuona patola, sari ya hariri ya mji wa Patan huko Gujarat, simama. Nyuzi za wima na za mlalo zote zimetiwa rangi kwa mafungu kabla ya kufumwa, halafu zinakutana kwenye kitanda na mchoro unatokea. Kwa hiyo haina mbele wala nyuma, pande zote mbili ni sawa. Niliwahi kuonyeshwa moja na mwenyewe, mama wa miaka sabini na kitu. Alikunjua pembe ya palu kwenye kiganja changu, akaigeuza, akaigeuza tena, na mimi sikuweza kusema ipi ni ipi. Kingo za maumbo zilikuwa na ukungu kidogo, kama maji yaliyoguswa, kwa sababu uzi na uzi haukutani sawa kabisa hata kwa mfumi hodari.

Kusifu kuna adabu yake. "Sari imekukaa" inatosha mahali popote. Ukiwa na Wagujarati, "bahu saras", yaani nzuri sana, itakupatia tabasamu. Usiulize bei. Uliza, "Hii ni ya mama?" Sari nyingi za sherehe zimerithiwa, na swali hilo humfungua mtu: ataanza kukusimulia ilivaliwa wapi na nani, na utajikuta umekaa naye mpaka chakula kinakuja. Usiishike palu ya mtu bila ruhusa. Lakini mama mtu mzima akikufuata na kuanza kukuvuta marinda bila kuuliza, tulia, nyanyua mikono kidogo, na umwachie. Amekupenda.

## Hatua ya 8: Kuivua na kuitunza

Usiku ule ule, hata kama umechoka. Anza na pini ya bega, kisha za kiunoni, ndipo uchomoe marinda. Ukivuta sari pini ikiwa bado ndani, umeichana.

Itundike dirishani isipopiga jua mpaka asubuhi ili jasho likauke. Hariri na zari usizifue kwa sabuni ya unga, peleka kwa dobi anayesafisha nguo bila maji (dry cleaner). Pamba ifue kwa mkono kwa maji baridi, ukijaribu kwanza pembe moja kama inachuja rangi.

Ikunje na kuifungia ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, kanga kuukuu iliyochuja inafaa kabisa. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, na pwani huku unyevu huzaa ukungu. Kila baada ya miezi mitatu hivi itoe na uikunje kwa mistari mingine, kwa sababu hariri na zari huvunjika pale palipokunjwa muda mrefu.

Na kabla hujaiweka kabatini, hesabu pini mezani. Ulivaa na sita, zitoke sita.